Kutoka Hodi Hadi Somo: Namna ya Kuanzisha Mazungumzo ya Biblia Nyumba kwa Nyumba

Mwaka wangu wa kwanza katika uinjilisti, Mbagala, nilirudi kanisani Jumamosi moja jioni nikiwa na taarifa iliyonijaza furaha: nyumba 42 kwa siku moja. Mzee aliyekuwa akituongoza aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Katika hizo arobaini na mbili, Jumatano unarudi wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimegawa vipeperushi, nimeombea watu kadhaa, nimeaga. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananisubiri.

Swali lile ndilo lililonifundisha kazi hii. Tunapopiga hodi hatuendi kumaliza neno pale mlangoni. Tunatafuta mtu mmoja mwenye swali, tunafungua naye andiko moja, na tunaondoka tukiwa na siku ya kurudi. Yesu alipowatuma wale sabini aliwaambia wasihamehame kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile (Luka 10:7). Najua pale alikuwa anazungumzia malazi na chakula, lakini mimi neno hilo limenishika hata katika kupanga njia yangu ya mchana.

Haya ninayoandika nimeyajaribu kwenye mitaa ya uswahilini Dar es Salaam, kwenye nyumba za kupanga, vibarazani, na mara chache kwenye mageti. Ukiwa Mwanza, Mombasa au kijijini, badilisha saa na salamu.

Kabla hujatoka

Tokeni wawili wawili, kama Yesu alivyotuma (Marko 6:7). Mmoja anazungumza, mwingine anasikiliza na kuangalia: mtoto analia, chungu kinachemka, baba amerudi na hana furaha. Huyu wa pili ndiye anayekugusa kiwiko wakati umefika wa kuondoka. Wawili pia ni ushahidi wa jina lenu. Mwanamume asiingie peke yake kwenye nyumba aliyomo mama peke yake, hata kama ni mtumishi wa miaka thelathini. Mkikuta watoto tu, salimieni, ulizeni wazazi wanarudi lini, mpite. Msiingie ndani.

Chagueni eneo dogo. Kutoka bombani hadi mashine ya kusaga panatosha kwa mwezi mzima. Nyumba tano au sita kwa mchana mmoja ni kazi kubwa ikiwa unasikiliza kweli.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu na wa kutangaza dini, na Katiba ya Kenya ya 2010 inafanya hivyo katika ibara ya 32. Lakini haki haikuondolei adabu. Pita kwa mjumbe wa mtaa, jitambulishe, mwambie mnatoka kanisa gani na mtakuwa mnapita siku zipi. Siku mtu akiuliza "hawa ni nani?", mjumbe awe anakujua kwa sura.

Kuhusu saa: asubuhi kabla ya saa nne watu wako kwenye kufua, kufagia na kuwahi soko. Kati ya saa nne na saa sita ni pazuri, na kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili kasoro ni pazuri zaidi, kwa sababu jua limepoa na watu wako kibarazani. Ijumaa mchana wenzetu Waislamu wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani, jioni ni saa ya kupika futari. Usimsimamishe mama mlangoni wakati huo kwa sababu yoyote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni usafi wa mazingira. Ukikuta watu wanazibua mtaro, omba koleo.

Mkobani beba Biblia mbili. Ya kwanza ni Union Version, ile ya mwaka 1952 iliyounganisha njia ya tafsiri za Unguja na Mombasa zilizotangulia. Ndiyo wazee wengi waliyokariri. Ya pili ni Habari Njema, kwa sababu kijana wa leo ukimsomea "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" (Matendo 8:30) anaweza kudhani kuna kitu kinaelea, kumbe anaulizwa kama anaelewa. Ukimkuta mtu ana Biblia yake, funga zako mbili, soma ya kwake. Kitabu kilichokuwa kabatini kwake kina uzito ambao cha mgeni hakina, na ukishaondoka kinabaki palepale. Ongeza daftari dogo, kalamu na chupa ya maji. Spika iache kanisani.

Hodi na dakika ya kwanza

Piga hodi ukiwa pembeni ya mlango, si katikati, ili pazia likipeperuka usijikute unatazama chumbani kwa watu. Hodi tatu, kwa nafasi. Kukiwa kimya, ondoka. Hii adabu ya pwani haina dini, kila mtu anaijua, na ukiivunja umeshahukumiwa kabla hujafungua kinywa.

Kwenye nyumba ya kupanga, uani kuna macho ya vyumba vyote. Wasalimie wote walioko pale kwanza, mkubwa kwa mdogo, shikamoo kwa anayestahili shikamoo, kisha ndipo useme unachotafuta. Ukipita moja kwa moja hadi mlango wa chumba kimoja, wengine watamuuliza huyo mama baadaye alikuwa na mgeni gani, na utakuwa umemletea maneno.

Penye geti, mlinzi ndiye mtu wa kwanza. Wengi wetu tunamwona kama kizuizi cha kumfikia tajiri, na hilo ni kosa linaloniumiza. Mlinzi ana saa nyingi za upweke, mara nyingi ametoka mkoani, familia ameiacha mbali, na hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani tangu asubuhi. Baadhi ya masomo yangu marefu yalifanyika kwenye benchi la mlinzi, nje ya geti ambalo halikuwahi kufunguliwa. Dada wa kazi naye ni mtu kamili, ila usimcheleweshee kazi za watu. Muulize ana mapumziko siku gani, na mama mwenye nyumba ajue.

Sasa maneno yenyewe. Dakika ya kwanza mtu anataka kujua mambo manne: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini, na utachukua muda gani. Mimi husema hivi:

"Shikamoo mama. Samahani kwa kukukatisha kazi. Naitwa fulani, na huyu ni mwenzangu, tunasali kanisa lile la karibu na soko. Tunapita kuwasalimu majirani na kusoma nao Biblia kidogo kama wanapenda. Hatuchangishi wala hatuuzi kitu. Una dakika tano, au tupite siku nyingine?"

Usiliache lile la kuchangisha na kuuza. Watu wameuziwa mafuta na maji ya upako, wameombwa sadaka ya "mbegu", wameahidiwa nyumba na magari. Mlango unaofunguka nusu mara nyingi una kidonda nyuma yake. Na swali la mwisho lina heshima ndani yake: unampa njia ya kusema hapana bila kuona aibu. Akisema "siku nyingine", uliza kwa upole, "Jumanne au Alhamisi?" Akikwepa tena, mshukuru na umwachie amani. Yesu aliagiza salamu ya amani kwa kila nyumba, na ile isiyoipokea, amani inamrudia aliyeileta (Luka 10:5-6). Hakuna alichopoteza mtu.

Ukikaribishwa, vua viatu hata kama wanakwambia usivue. Ukipewa maji, kunywa. Kama mnaweza kubaki kibarazani, baki kibarazani. Panaonekana na kila mtu na hapazui maswali.

Swali la kufungulia

Kuna swali nilifundishwa zamani na nimeliacha kabisa: "Ukifa leo, utakwenda wapi?" Nililiuliza nyumba moja ambayo, bila mimi kujua, ilikuwa imemaliza matanga siku nne kabla. Yule mama hakunijibu. Aliingia ndani, akarudisha pazia. Tangu siku hiyo sifungui mazungumzo kwa kifo cha mtu wala kwa dhambi zake. Mithali 18:13 inasema ajibuye kabla hajasikia ni upumbavu na aibu kwake, na mimi nilikuwa nimetoa jibu kabla hata ya kuona nyumba.

Siku hizi naanza na ninachokiona. Kama kuna biashara, nauliza biashara. Kama kuna mtoto mchanga, nauliza jina lake na maana yake. Kisha nasogea taratibu: "Hapa mtaani, kinachowasumbua watu zaidi ni nini siku hizi?" Swali la "watu" ni jepesi kuliko swali la "wewe", na karibu kila mara mtu akisema ya watu anasema na ya kwake. Lingine ninalolipenda: "Kama Mungu angekaa hapa kibarazani dakika moja, ungemuuliza nini?" Hilo usiliulize mapema. Lifike mkiwa mmeshacheka pamoja au mmeshanyamaza pamoja.

Halafu nyamaza. Yesu, njiani kwenda Emau, aliwakuta watu wawili wamevunjika moyo, na alianza kwa kuwauliza wanazungumza nini (Luka 24:17). Yeye ndiye aliyeyajua yote, bado aliwaacha wamsimulie habari yake yeye mwenyewe mpaka wakamaliza. Sisi ambao hatujui lolote kuhusu huyu mama tunawezaje kuwa na haraka?

Mchana mmoja, jiko la chapati

Nikueleze mchana mmoja kwa kirefu, kwa sababu hatua zote zimo humo.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Mama mmoja, wa rika langu, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, anasukuma chapati za kuuza jioni. Mwenzangu akauliza bei. "Mia tano sasa, unga umepanda." Nikauliza, "Na inalipa?" Akatabasamu kidogo tu, akasema, "Inalipa marejesho."

Kila anayeishi mtaani kwetu anajua neno hilo. Ni mkopo wa kila wiki, ile tunayoita kausha damu: unakopa leo, wiki ijayo wako mlangoni, na ukikosa wanabeba televisheni au kitanda. Nikaacha kila nilichokuwa nimeandaa. Nikauliza ilianzaje. Alisimulia kwa robo saa huku anageuza chapati: mume, safari, ada ya mtoto, mkopo wa kulipia mkopo. Sikumkatisha wala kumpa ushauri wa biashara.

Aliponyamaza nikamwambia, "Kwenye Biblia kuna mama mjane aliyedaiwa mpaka mdai akaja kuchukua watoto wake wawili. Ni aya saba tu. Tusome?" Akaonyesha mikono yake, imejaa unga. Akamwita binti yake wa darasa la tano, naye akasoma 2 Wafalme 4:1-7 kwa sauti ile ya kusomea darasani, neno moja moja. Sikumsahihisha.

Nikauliza, "Mama, hapo kipi kimekugusa?"

Akageuza chapati. Akaipaka mafuta pembeni, akaigeuza tena. Kisha akasema, "Kumbe yule nabii alimuuliza ana kitu gani nyumbani. Mimi huwa naulizwa nimepunguza shilingi ngapi."

Nimesoma andiko lile miaka mingi na sikuwahi kuliona hivyo. Ningekuwa nimeanza kuhubiri, neno lile lisingetoka.

Sikumwambia kwamba na yeye mafuta yake yatafurika wiki hiyo. Sina mamlaka ya kumwahidi mtu hivyo, na ningemdanganya angekuwa na deni la pili, la imani. Nilisema tu, "Swali hilo la nabii Elisha, una kitu gani nyumbani, ungependa tukae nalo tena?" Akafikiri. "Alhamisi, saa kumi, kabla sijawasha jiko." Tukaomba kwa sentensi tatu, macho wazi, kwa sababu mafuta yalikuwa motoni. Tukanunua chapati nne kwa bei yake, tukaaga.

Dakika ishirini na tano kwa jumla. Ndiyo ziara yote.

Andiko moja, maswali matatu

Kutoka hapo unaona umbo la kazi. Andiko liwe moja, fupi, lenye habari ya mtu. Mafundisho yenye hoja ndefu yasubiri. Asome mwenye nyumba au mtu wa nyumba yake, kwa sababu anayesoma kwa kinywa chake mwenyewe hawezi kusema baadaye kuwa ni maneno ya wageni. Kama hajui kusoma, usimfichue mbele ya watu kwa kumwekea kitabu mikononi. Sema, "Nisome mimi au usome wewe?", kisha soma polepole mara mbili, halafu mwombe akusimulie alivyosikia. Wasiojua kusoma husimulia vizuri kuliko sisi. Wamezoea kubeba maneno kichwani. Biblia ya kusikiliza kwenye simu nayo inasaidia sana, hasa kwa bibi ambaye macho yameanza kusumbua.

Maswali yangu ni yaleyale kila mahali: Nini kimetokea hapa? Kipi kimekugusa au kukusumbua? Kama ungekuwa humo, ungekuwa nani? Hilo la pili lina neno "kukusumbua" kwa makusudi. Mtu akijua anaruhusiwa kusumbuliwa na Biblia, ataisoma kwa ukweli.

Uwe na maandiko matano au sita uliyoyajua mpaka unaweza kuyasimulia bila kufungua, ingawa utayafungua. Ya kwangu, mbali na yule mjane, ni haya. Kwa aliyefiwa, Yohana 11:17-36, na ninaishia pale Yesu alipolia. Siendi mbio kwenye ufufuo, hiyo ni ziara nyingine. Kwa aliyezunguka hospitali na waganga mpaka fedha ikaisha, Marko 5:25-34, mwanamke aliyegharimiwa vyote na hali ikazidi. Kwa aliyetupwa au kudharauliwa ndani ya nyumba, Hajiri katika Mwanzo 16, anayemwita Mungu kuwa ndiye amwonaye. Kwa aliyekwisha kuchoka kuomba, Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Mungu hata lini.

Na kwa vijana wa kijiweni, Mathayo 20:1-16. Wale wanaume wamesimama sokoni hadi jioni, wanaulizwa mbona mmesimama bure, wanajibu hakuna mtu aliyetuajiri. Nimeisoma na madereva wa bodaboda wakiwa wamekaa juu ya pikipiki zao, na mmoja akasema kwa nguvu, "Huyo ni mimi, saa kumi na moja sijapata hata abiria mmoja." Tulibishana nusu saa kama ni haki aliyefanya kazi saa moja kulipwa sawa na wa kutwa. Hakuna aliyetaka niondoke.

Milango migumu

"Sisi hapa ni Waislamu." Jibu langu ni, "Asante mama kwa kutuambia, tunawaheshimu, mchana mwema." Basi. Wakikukaribisha wenyewe, kaa, na usifiche wewe ni nani. Usiguse Kurani wala Mtume kwa neno la kejeli, na usilete mtindo wa mihadhara ya kukashifiana. Watu wa umri wangu wanakumbuka ilivyotuachia vidonda kati ya majirani. Ukiulizwa imani yako, jibu kwa upole na hofu kama 1 Petro 3:15 inavyotaka. Usifundishe watoto wa mtu bila ridhaa ya wazazi, wala usisome na mke kwa siri ya mume.

"Mimi ni Mkatoliki, nina jumuiya yangu." Furahi naye. Muulize wiki hii wamesoma nini kwenye jumuiya. Nina msimamo hapa ambao si wote kanisani kwetu wanaupenda: mtu akisoma Biblia nami miezi mitatu kisha akawa imara zaidi katika kanisa lake mwenyewe, sikupoteza kitu. Hatukutumwa kuhamisha kondoo zizi.

Mlevi, msalimie, usifungue andiko, mwahidi asubuhi. Mwenye hasira, mwombe radhi kwa usumbufu na uondoke bila kumjibu.

Kuna anayeuliza, "Mbona Mungu alimchukua mwanangu?" Usijibu. Nimesikia wenzangu wakisema Mungu alihitaji ua zuri bustanini kwake, na nikamwona baba akikunja ngumi. Sema hujui. Kaa. Kama kuna swali la maarifa ambalo hulijui, sema, "Sijui, nitauliza, nitakuletea Jumamosi," na Jumamosi ulilete hata kama jibu ni dogo.

Na kuna wanaotuogopa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kujinyima chakula. Mtu akikuuliza kwa ukali mnafundisha nini na viongozi wenu ni nani, ana haki. Jibu kila kitu. Soma mahali pa wazi, karibisha familia nzima, usiseme kamwe neno linalomtenga mtu na ndugu zake, na usimzuie mgonjwa dawa wala hospitali. Somo lisiloweza kusikilizwa na jirani lina tatizo.

Daftari

Mkishafika kona ya mtaa, simameni mwandike kabla hamjapiga hodi nyingine. Tarehe, mahali ("mlango wa bluu nyuma ya mashine ya kusaga"), andiko mlilosoma, neno alilolisema kwa maneno yake mwenyewe, siku na saa ya kurudi. Neno lake ndilo la thamani zaidi. "Naulizwa nimepunguza shilingi ngapi" limo kwenye daftari langu mpaka leo.

Usiandike ugonjwa wa mtu, kiasi cha deni, wala siri ya ndoa. Na yale uliyoyasikia kibarazani yasiende kwenye maombi ya Jumatano na jina juu yake. Tuliwahi kumwombea dada mmoja kwa jina, kanisa zima, kwa jambo alilotuambia sisi wawili. Ndani ya siku mbili lilikuwa limemrudia bombani kutoka kwa jirani. Hakutufungulia tena, na mimi nilijua kwa nini. Ukitaka aombewe na wenzako, sema, "Mwombeeni mama mmoja." Mungu anajua mlango ni upi.

Siku ya kurudi

Ukisema Alhamisi saa kumi, uwe pale saa kumi. Mvua ikinyesha, piga simu kama alikupa namba. Kama hakukupa, nenda na mwavuli. Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi hufia. Mwenye nyumba amewahi kuahidiwa na wengi: wanasiasa, mafundi, watu wa miradi. Unaporudi kwa saa uliyosema, umeshamweleza jambo kuhusu Mungu wako kabla ya kufungua kitabu.

Usianze na mada mpya. Anza na neno lake: "Wiki iliyopita ulisema hivi, nimekuwa nalifikiria." Kisha muulize marejesho yalikwendaje, mtoto amepona, kesi imefikia wapi. Ndipo msome.

Baada ya ziara mbili za namna hiyo, sema wazi unachopendekeza: "Ningependa tusome pamoja Injili ya Marko, nusu saa kila wiki, kwa wiki nne. Baada ya hapo utaamua kama tuendelee." Wiki nne mtu anaweza kuzikubali. "Somo la Biblia" lisilo na mwisho linatisha. Marko ina sura 16, ni fupi, na imejaa matukio. Mimi huchukua yule aliyeteremshwa kupitia darini (2:1-12), dhoruba ziwani (4:35-41), mwanamke wa sura ya 5 kama hatujamsoma, na Bartimayo (10:46-52). Nusu saa ikifika, funga, hata kama mazungumzo yamenoga. Heri akutamani kuliko akuchoke.

Mume akiwepo, mkaribishe kwa jina lake na umwachie kiti. Akikaa mbali akijifanya anasikiliza redio, mwache. Wengi husikiliza hivyo wiki tatu kabla ya kusogea. Majirani wakija, wapishe mkekani. Mkikuta hayupo, acha salamu kwa jirani bila kueleza mlichofuata. Akikosekana mara tatu, muulize kwa uwazi na bila kinyongo kama angependa mpumzike. Wengine wanashindwa kusema hapana kwa adabu tu, na ni wajibu wako kuwafungulia njia.

Na kama umehamishwa au umeugua, mpeleke mwenzako kwa mkono, mfahamishe, kaa nao mara moja. Usimwachie mtu mlango kwa maelezo ya simu.

Yule mama wa chapati, Alhamisi ya nne nilikuta mkeka umeshatandikwa na majirani wawili wamekaa. Binti yake hakuwepo, alikuwa tuisheni. Nikatoa Biblia nikitaka kusoma mimi. Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mkono kuipokea. "Leo nasoma mimi." Akaanza, kidole juu ya mstari, na pale kwenye jina la Bartimayo akakwama. Tukamngoja.